Nyundo ya Nyapara

Jumapili, 2 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pete imefika salama na sasa inanikaa vizuri, asante sana. Tangu nijifungue vidole vilikuwa vimevimba hadi nikawa naiweka kwenye kikombe kabatini. Ningekushukuru mapema, lakini tangu wiki iliyopita nyumba hii haina amani. Nisamehe mwandiko, naandika haraka.

Kwanza, usinipigie simu. Simu yangu iko kwa Mama Mkwe. Anasema chaja ya chumbani kwake ndiyo nzima, na kila nikiifuata nakuta bado inachajiwa. Barua hii inatumwa na Msusi, jirani yetu anayesuka nywele hapa kona, ambaye mdogo wake ni utingo wa basi. Ukijibu, andika jina lake juu ya bahasha, si langu.

Wifi yangu, yule dada wa mume wangu, aliona video kwamba siku hizi kuna almasi zinazotengenezwa maabara. Msemaji wa video hiyo alisema ni kioo kilichopakwa dawa, kwamba baada ya mwaka zinaingia ukungu, na ukizitia kwenye maji ya sabuni zinaanza kuyeyuka. Wifi akaniomba pete aitazame kidogo tu. Akaenda nayo kwa fundi saa. Fundi saa akaiweka chini ya lenzi yake, akaona ukingoni mwa jiwe maandishi madogo mno, namba na neno linalosema kwamba jiwe limeoteshwa maabara.

Shangazi, mimi nilijua. Mume wangu aliniambia tangu siku aliyonivisha, tukacheka, nikaipenda pete yangu vilevile. Aliyefichwa ni baba yake. Mkwe wangu amekuwa msimamizi kwenye machimbo ya mawe ya kujengea maisha yake yote, mtaa mzima unamwita Nyapara, hata mkewe. Kwake yeye kitu kisichotoka ardhini si jiwe. Mume wangu ana umri wa kunyoa ndevu lakini akisimama mbele ya baba yake anakuwa mtoto wa shule. Akamwambia jiwe limetoka mgodini, kisha akaniapisha nisije nikamwaga mtama. Na sasa yuko melini, hana mtandao, na bandari bado iko mbali.

Kwa hiyo hapa nyumbani hakuna anayesema kijana wao alinunua jiwe la maabara. Wanasema kijana wao alinunua jiwe la kweli, na hilo la kweli limebadilishwa njiani. Pete ilikaa kwako, kwenye duka la vito unakofanya kazi, wiki mbili ikipanuliwa. Umeshaelewa wanamtazama nani: wewe, na mimi niliyekutumia.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini tangu Jumatano Mama Mkwe analala na mtoto chumbani kwake. Ananiletea wakati wa kunyonya tu, anakaa ukingoni mwa kitanda akinisubiri nimalize, kisha anamchukua. Jana nilikuwa naanua nguo nikamsikia akimwambia Wifi, "Mwizi atatoka, damu yetu itabaki." Shangazi, naogopa. Naogopa hata kukohoa humu ndani. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Kijino


Ijumaa, 7 Machi

Kijino mwanangu,

Marahaba. Kwanza vuta pumzi. Pili, mwambie huyo wifi yako kwamba kama kila kinachosemwa kwenye simu kingekuwa kweli, mimi leo ningekuwa nimeshapungua tumbo kwa kunywa maji ya tango.

Sasa nisikilize, na haya ndiyo ya kuwaambia. Almasi ya maabara ni almasi. Si kioo, si plastiki, haijapakwa kitu. Ni kaboni ileile, imebanwa na kupashwa moto ndani ya mtambo mpaka ikaota, kama nyingine ilivyobanwa na kupashwa moto chini ya ardhi. Barafu ya kwenye friji ni barafu. Hakuna anayeitazama akasema hiyo ni feki kwa sababu haikuanguka na mvua ya mawe.

Ukungu haiingii. Inayofifia ni pete ya mtu anayekanda unga akiwa ameivaa, na hapo dawa yake ni maji ya vuguvugu na sabuni, sabuni hiyohiyo wanayosema inayeyusha. Mimi pete zote za dukani naziosha kwa sabuni. Na hakuna mtu wa kuzitofautisha kwa macho. Nimefunga mawe kwenye pete tangu hujazaliwa, lakini ukiniwekea mawili mezani, moja la maabara na moja la ardhini, nitabaki nakodoa tu. Inataka mashine kubwa ambayo hata sisi hatuna. Fundi saa wenu hakugundua lolote, alisoma maandishi. Na maandishi hayo yaliwekwa na waliolitengeneza ili mnunuzi asidanganywe. Mwizi anayebadilisha mawe angechagua lenye jina lake la kweli limechongwa ubavuni?

Tofauti iko sokoni. La maabara ni rahisi, na ukitaka kuliuza utaambulia kidogo. Lakini urahisi si uongo.

Maduka ya vito yana kalamu ya kupimia. Unaigusisha ncha kwenye jiwe, kama ni almasi inalia. Italia kwa lako kama inavyolia kwa la ardhini. Mwambie Nyapara aite muuza vito yeyote anayemwamini. Kitu pekee cha kulikwaruza ni almasi nyingine. Waache walipime wanavyotaka, jiwe hilo halina cha kuogopa.

Lakini dawa yenyewe, mwanangu, ni wewe kufungua mdomo. Sema mumeo alikwambia nini. Kiapo mlichokula mkicheka hakiwezi kukunyang'anya mtoto. Atakasirika, atanuna, atazoea. Mimi niko salama, usinifikirie kabisa, kazi inaendelea kama kawaida.

Shangazi yako


Jumatano, 12 Machi

Kwa shangazi wa mke wa mwanangu,

Salamu. Sikupigii simu kwa sababu maneno ya simu mtu huyakana baadaye. Haya ninayaandika ili usiyakane.

Mwanangu hakununua kitu cha kutengenezwa. Namjua, nimemzaa. Alimwambia baba yake kwamba jiwe limetoka mgodini, na mwanangu hajawahi kumdanganya baba yake. Pete ilitoka hapa ikiwa nzima, ikaenda kwako, ikarudi na kitu cha kiwandani. Sihitaji kusoma sana kuelewa hesabu hiyo.

Nimeshazungumza na tajiri wako. Amesema atalifuatilia. Sisi si watu wa kelele, ukilirudisha jiwe kimyakimya, mambo yataishia hapo, na binti yako nitamtafutia nauli ya kurudi kwenu kwa heshima.

Mjukuu wangu hajambo. Ameanza kuonja uji na amezoea kulala kifuani kwangu. Nakueleza hili ili ujue kwamba mama yake akiondoka, yeye hatapata shida.

Mkwe wenu


Jumanne, 18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo nakuandikia nikiwa na nguvu kidogo, na usipige kelele kabla hujafika mwisho.

Kalamu imekuja. Niliwaeleza yote uliyoniandikia, nikasema nimeyasoma kwenye gazeti. Nyapara akamwita muuza vito wa sokoni. Akaigusisha kwenye jiwe langu, ikalia, taa ikawaka. Nilitaka kumkumbatia yule mwanaume mgeni. Mama Mkwe akasema, "Hebu hapa," akanyoosha kidole chake chenye pete aliyovishwa na Nyapara zamani. Ikalia vilevile. Basi badala ya kusema yote mawili ni almasi, akasema, "Mnaona? Inalia kwa kila kitu." Muuza vito akaigusisha kwenye kioo cha dirisha, ikanyamaza. Mama Mkwe akamwambia dirisha ni kubwa mno, kalamu haijalizoea. Wallahi alisema hivyo, na hakuna aliyecheka. Ningekuwa kwenu ningecheka mpaka nilie.

Wifi naye akaja na yake. Akalipulizia jiwe pumzi aone kama litaingia mvuke, halikuingia. Akasema labda pumzi yake ni kavu. Akalilaza juu ya gazeti aone kama herufi zitasomeka, hazikusomeka. Akasema labda gazeti ni la zamani. Nikaanza kuelewa, Shangazi, kwamba jiwe likifaulu kosa ni la kipimo, likishindwa kosa ni langu.

Ndipo Nyapara akasema. Siku zote hizo alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha uani. Unamjua, hana maneno mengi. Kule machimboni kazi yake ilikuwa hiyo hasa. Lori likitaka kupakia, anachukua jiwe moja, analiweka juu ya kipande cha reli, analigonga mara moja tu na kusikiliza. Jiwe likitoa sauti safi na kubaki zima linaenda kujenga nyumba. Likimeguka, shehena yote inarudi. Nyumba za mtaa huu zimesimama kwa nyundo ile, na yeye anasema haijawahi kumdanganya. Akasema, "Almasi ni bingwa wa mawe. Kama hii ni ya kweli, itakayoumia ni nyundo yangu. Jumamosi nitaipima mwenyewe."

Wote wakakubali. Hata Mama Mkwe hakupinga, kwa sababu nyundo ya mumewe haikosolewi humu ndani. Na mimi nikakubali kuliko wote! Uliniandikia mwenyewe kwamba jiwe langu halina cha kuogopa. Shangazi, kwa mara ya kwanza niliona mlango. Nikapiga moyo konde, nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Baba, lipime. Likivunjika nitatoka kwa miguu yangu na mtoto nitamwacha. Lisipovunjika, mtoto atalala kwangu kuanzia siku hiyohiyo." Nyapara akanitazama, akanipa mkono. Mama Mkwe akatabasamu, na mimi nikatabasamu.

Kwa hiyo sikuhitaji kuvunja kiapo cha mume wangu. Jumamosi asubuhi itakwisha. Nimeshafua shuka za kile kitanda kidogo. Ile nyundo naiota usiku, lakini nadhani ni mazoea tu ya kuogopa, yatatoka.

Mwanao,
Kijino


Ijumaa, 21 Machi

Kijino,

Usikubali. Barua yako nimeipata mchana huu na nimeisoma nimesimama. Usikubali alipige. Kama kuna la kufanya, lifiche, limeze, lakini lisifike chini ya nyundo.

Kosa ni langu. Niliandika kama mtu anayejua mno. Almasi haikwaruzwi, hilo ni kweli. Kuvunjwa ni jambo jingine kabisa. Ndani yake ina njia, kama kuni ilivyo na njia zake. Shoka likipita sawasawa hata gogo linapasuka. Almasi ikigongwa inapasuka. Ya maabara inapasuka na ya ardhini inapasuka, hakuna tofauti hata kidogo. Hata hiyo ya mama mkwe wako. Mawe makubwa ya migodini hupasuliwa hivyohivyo kabla ya kusuguliwa. Nyapara si mwongo na nyundo yake si mbaya, ila hii si kazi yake. Ni sawa na kupima yai kwa kuliangusha.

Nimepiga simu yako mara sijui ngapi. Mama mkwe wako alipokea mara moja, akasema umelala, akakata. Simu ya Msusi haipatikani. Ningekuja mwenyewe, lakini sasa nikwambie niliyokuficha. Tajiri alinichukua funguo za sefu siku ileile aliyopigiwa simu na mkweo. Sijakaa kwenye meza yangu ya kazi tangu siku hiyo. Polisi wameandika maelezo yangu na wameniambia nisitoke mjini. Nilikwambia niko salama kwa sababu nilijua ukisikia mimi naogopa, wewe utaogopa mara mbili. Naogopa, mwanangu. Naamka asubuhi nasikiliza kama kuna gari linasimama nje.

Naipeleka barua hii mwenyewe stendi, nimkabidhi utingo mkononi. Basi linaondoka jioni, linafika kwenu alfajiri. Msomee Nyapara maneno haya yote. Na umwambie kuhusu mumeo. Mwambie kabla hajanyanyua mkono.

Shangazi yako


Jumapili, 23 Machi

Shangazi,

Basi liliharibika njiani.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu nisipofanya hivyo nitapiga kelele. Jana asubuhi Nyapara alitoa kile kipande cha reli uani, akakifuta kwa kitambaa. Akachomoa jiwe kwenye pete kwa koleo, taratibu, hakuharibu hata ukucha mmoja wa pete unaolishika. Tulikuwa sisi tu, yeye na mkewe, mtoto akiwa mgongoni kwa bibi yake, na Wifi, na mimi. Nilisimama mbele kabisa. Nilikuwa nimevaa gauni zuri.

Akagonga mara moja. Ilisikika sauti ndogo sana, kama mtu anayetafuna sukari. Alipoinua nyundo palikuwa na unga unaong'aa na vipande viwili vitatu, kimoja kimerukia kwenye kiatu changu.

Nyapara hakufurahi, nataka ujue hilo. Alishusha mabega, akasema, "Umesema mwenyewe." Mama Mkwe akarudi nyuma hatua kwa hatua, akaingia ndani na mtoto, nikasikia komeo. Niliingia chumbani nikatia nguo kwenye begi bila kuziona. Mtoto akaanza kulia upande wa pili wa ukuta, ilikuwa saa yake ya kunyonya, na maziwa yakatoka yenyewe yakalowesha gauni lote. Nilikuwa nimeahidi, Shangazi. Nilitoka na begi langu nikafika getini nikiwa nimelowa hivyo.

Getini nikakutana na Msusi anakimbia na barua yako. Niliisoma palepale. Kisha nikarudi uani nikaisoma kwa sauti mbele ya Nyapara, maneno yote, hata ya yai. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikavunja na kiapo, nikamwambia mwanawe ndiye aliyelinunua likiwa la maabara, aliniambia kwa mdomo wake. Akauliza, "Shangazi yako anasema hata la ardhini linavunjika?" Nikasema hata la ardhini. Akasema, "Haya, tuone," akamwita mkewe.

Ile pete ya Mama Mkwe jiwe lake Nyapara alilinunua mwenyewe ujanani, kwa mchimbaji, likiwa bado na tope, akalipeleka kwa sonara kulichonga na kulifunga. Hakuna jiwe duniani analolijua kama lile. Mama Mkwe alifungua mlango akiwa amefumba ngumi. Akasema, "Nyapara, hii nimezaa nikiwa nimeivaa." Nyapara akanyoosha mkono tu. Pete ilikataa kutoka, ikabidi Wifi alete sabuni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba livunjike.

Akagonga, likavunjika. Kipande kimoja kilipotelea mchangani, kingine kikabaki juu ya reli kimepasuka katikati.

Nilikaribia kucheka. Nilisema moyoni, yamekwisha, amejionea, mtoto wangu anarudi. Nyapara aliinama akaviangalia vile vipande. Kisha akageuka, lakini hakunigeukia mimi. Alimtazama mkewe akamwuliza, kwa upole kabisa, "Nililifuta tope kwa mkono wangu. Lilikuwa la kweli. Uliliuza lini?"

Mama Mkwe alikaa chini, palepale kwenye mchanga, mtoto mgongoni. Akasema hajaliuza. Nyapara akauliza tena, uliliuza lini, na ukaweka nini mahali pake. Wifi alianza kulia, akasema, "Baba, si umesikia barua? Yanavunjika yote." Nyapara akasema barua imeandikwa na mwizi. Akasema mimi nimefundishwa na mwizi, na sasa namtia na mwanawe kwenye uongo wetu. Nyundo haikusoma barua, akasema. Haina shangazi. Kisha akaingia ndani akatoa begi la mkewe, akaliweka getini karibu na langu.

Mchana Mama Mkwe alikuja kwenye chumba changu. Bado nilikuwa humo, hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Alimfungua mtoto mgongoni akamlaza mapajani mwangu mwenyewe, na hakukaa kunisubiri. Alisimama mlangoni, kidole chake kina alama nyeupe pale pete ilipokuwa. Akasema, "Sikuliuza. Unaniamini?"

Nilikuwa nimemchukia mpaka usiku silali. Nilikuwa na maneno yangu yamejipanga. Lakini alikuwa anaogopa kama nilivyokuwa naogopa mimi, na katika nyumba ile mimi ndiye mtu pekee niliyejua kwa hakika kwamba anasema kweli. Nikamwambia nakuamini, Mama.

Mtoto yuko nami. Lakini bado tumo humu, na sijui kesho.

Kijino


Jumanne, 25 Machi

Mkwe mwenzangu,

Nakuandikia kwa kujificha, nyumbani kwa Msusi, kwa hiyo sitakuwa na maneno mengi. Yale niliyokuandikia mwanzo unayo, na nilisema mwenyewe nayaandika ili yasikanwe. Siwezi kuyakana. Yachane ukipenda, au yatunze, ni haki yako. Nimempigia tajiri wako kwa simu ya huyu jirani, yangu na ya Kijino amezichukua Nyapara. Nimemwambia sikuwa na ushahidi wowote na kwamba nimekosea, na kwamba aende nawe polisi akaseme hivyo. Amesema atakwenda leo. Wakikuruhusu kutoka, njoo.

Nimekaa na mwanaume huyu tangu nikiwa msichana. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na mpaka sasa hajaninyanyulia. Hafoki. Anakaa uani na ile nyundo miguuni, anauliza. Jana aliuliza mabati ya nyumba yalinunuliwa wapi. Akauliza kama yule sonara aliyeifunga pete yangu alikuwa ndugu yangu. Akapanda juu ya kiti akaanza kugonga ukuta wa sebule, ukuta alioujenga mwenyewe, akitega sikio. Plasta imedondoka. Nikimjibu anasema najibu haraka mno. Nikinyamaza anasema nimekosa jibu.

Binti yako ananipikia chai na kuniambia nikaze moyo. Mimi niliyemfanyia yale. Nashindwa kumtazama usoni.

Usije na kalamu yenu, ataiita kitu cha kuchezea watoto. Wala usilete almasi nyingine ya kumwonyesha, ataivunja na kusema nayo ni ya uongo. Njoo na gari. Nimeshafunga nguo za mtoto na za mama yake, na zangu chache. Nilidhani tutasubiri meli ya mwanangu ifike, yeye amweleze baba yake kwa mdomo wake. Lakini hatuwezi kusubiri.

Tangu asubuhi Nyapara ameacha kuuliza habari za mawe. Ameomba aletewe mjukuu, amemkalisha mapajani, anamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga, na anatuuliza amefanana na nani.

Mkweo